Pipa Lenye Kufuli

Mdogo wangu fundi cherehani,

Huku mimi mzima, ila goti linanisumbua na miwani mipya inanibana. Barua yako imenichoma. Unajisifu kwamba umelitia pipa la maji kufuli kwa sababu binti yako anakunywa ndoo nzima na kujikojolea. "Sukari wamepima, hana. Basi ni ukaidi tu, dada." Tena ulimkuta akinywa maji ya kunyunyizia nguo za pasi, ukamchapa!

Mkaidi ni wewe. Kuna homoni ya ubongoni inayoziambia figo zizuie maji. Yake haitoshi, kama yangu ambayo madaktari wa huku waliipima, ndiyo maana mwili unayamwaga yote. Sukari haihusiki. Ukimnyima maji, utamuua.

Kaka yetu mkubwa, aliyekuwa na kiu hiyohiyo, hakufa kwa homa kama ulivyoambiwa. Baba alimfungia chumbani siku mbili bila maji, eti azoee. Nilikaa nje ya mlango nikimsikia akiomba hata tone, nikanyamaza. Ndiyo maana niliondoka, na miaka arobaini sijarudi.

Fungua pipa kabla hujaikunja barua hii. Kisha mpeleke hospitali, wapime mkojo na homoni hiyo. Ufunguo nitumie mimi.

Dada yako, ambaye safari hii hanyamazi.