Ukoko wa Kipimajoto

Kaka,

Shikamoo. Wewe na wifi na watoto hamjambo? Sisi huku tunaendelea. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo hauna ugonjwa: kila siku anauliza kwa nini hupigi simu, na kila siku namwambia una kazi nyingi. Tangu uachishwe kazi ni mwezi wa tatu, na bado sijapata ujasiri wa kumwambia kweli. Paa la jikoni nimeliziba. Paka wenu amenenepa, anakula kuliko mimi.

Kiwandani bado tunapika unga wa muhogo, tunatoa spiriti ya kuchanganya na petroli. Vimeng'enya bado tunaviita mate, jina ulilotuachia wewe siku ya kwanza ulipotuletea mapipa. Ulitutafunisha mkate mkavu mpaka ukawa mtamu mdomoni, ukasema kazi ya pipa lako ndiyo hiyo hiyo, kugeuza wanga kuwa sukari ili hamira ipate cha kula. Wapishi wa tangi walicheka, lakini hawakusahau.

Kampuni yenu ilipoondolewa kwa sababu uji haukugeuka sukari, meneja alileta msambazaji mwingine. Mapipa yake ni meupe, si ya buluu kama yenu, na bei yake ilimfurahisha sana meneja. Wiki ya kwanza uji ulikaa tangini ukabaki uji. Wiki ya pili vilevile. Meneja akasema wasambazaji wote ni baba mmoja mama mmoja, akawapigia simu hao wa mapipa meupe kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua inayokwenda kwa mkubwa wangu.

Wakamtuma fundi wao, mama mmoja mfupi, mpole, wa maneno machache. Nilidhani atafungua mapipa yake kwanza. Badala yake aliomba ndoo. Akachota uji tangini, akatumbukiza kipimajoto chake cha mkononi, akasubiri, kisha akamwita meneja aje asome mwenyewe. Saa ya joto iliyo ukutani, ya kipimajoto cha tangi, ilisema nyuzi sitini, mahali ambapo mate yanafanya kazi vizuri. Ndoo ilisema themanini na mbili. Tulikuwa tunayamimina kwenye moto, kaka, yanakufa kabla hayajaonja chochote.

Tangi lilipopoa akachomoa kijiti cha kipimajoto. Uji ulikuwa umekauka juu yake, mnene kama ukoko wa sufuria iliyosahaulika jikoni. Ulikiziba kisiguse joto la uji, kikabaki kusoma ukuta wa tangi, ambao tunaupoza kwa maji. Aliukwangua kwa kisu. Jumanne iliyofuata uji uligeuka sukari kama zamani. Meneja alifurahi, akasema yaliyopita si ndwele, na kwamba hakuna haja ya kuwaandikia wasambazaji wa zamani. Wenzangu wakaitikia. Na mimi niliitikia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya nichane barua mbili kabla ya hii.

Kijiti kile kilikuwa kazi yangu. Kila Jumatatu nilitakiwa nikichomoe, nikisugue, niandike daftarini kwamba kimesafishwa. Kukichomoa lazima tangi lipoe kabisa, na meneja hataki tangi lipoe. Basi nilikuwa naandika tu. Jumatatu kumi na moja, sahihi yangu, wino ule ule.

Unakumbuka kikao kile cha kuulizana kwa nini uji haugeuki, kabla hamjaondolewa. Ulisema mate yako yalitoka ghalani yakiwa mazima, ukaomba joto la tangi lipimwe upya. Meneja akanigeukia mimi. Nikasema nilikisafisha Jumatatu. Ukaniangalia, kisha ukaacha kubisha. Ulisema basi labda kosa ni lako, uliacha lori juani kwenye mizani ya barabarani kwa saa mbili, mate yakafa. Wakubwa wako wakaandika hivyo hivyo na kukuachisha. Hukubisha kwa sababu aliyesema ni mimi. Angesema mtu mwingine, ungepanda ngazi ukapime mwenyewe. Naona aibu, kaka, na kuisema hakuipunguzi.

Jana asubuhi nilikwenda kwa meneja na daftari mkononi. Nimewaandikia wakubwa wako pia, nikaeleza Jumatatu zote kumi na moja, nikatia sahihi, safari hii kwa kitu nilichokifanya kweli. Nakala nimeiweka humu. Sijui kama watakurudisha. Mimi nimeondolewa kwenye tangi, sasa naosha mapipa matupu nyuma ya ghala. Ya kwanza yalikuwa yenu, ya buluu. Nimeyasugua vizuri mno, hata mlinzi akaniuliza kama natafuta posa kiwandani.

Jioni hii namwambia mama. Atapiga kelele, na ni haki yake. Ukitaka kuniandikia, andika. Usipotaka, mwandikie yeye tu, nitamsomea na sitaongeza neno.

Kwenye karatasi iliyokunjwa kuna kipande cha ule ukoko. Nilikiokota fundi alipokwangua, kabla sijajua nitakifanyia nini. Tulipokuwa wadogo, kila chakula kilipoisha sufuriani, uliniachia mimi ukoko ukasema umeshiba. Leo huu ni wako. Waonyeshe wakubwa wako. Mate yako yalikuwa hai, kaka, na lori lako halikuwa na kosa lolote.

Msalimie wifi, na watoto wabusu mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba