Visi ya saksofoni na zambi ya Ezechiel

Jumanne, 10 Juni 2025
Saksofoni ya shorale, kwaya ya kanisa yetu, imelala kwangu tena. Ni mlango yangu njo iko na kufuli ya nguvu hapa kambi ya Dzaleka. Visi moja kadogo, skrubu ya pale ku bifuniko bya matundu, ilikuwa inacheza-cheza. Nikachukua turnevisi ya mashini yangu ya kushona, nikaikaza mpaka mwisho, vile tunakazaka za mashini. Hakuna mutu aliniona. Ile chombo pasta aliipaka mafuta ya maombi – ni Ezechiel tu, bwana ya mdogo wangu Lucie, anaruhusiwa kuigusa. Lakini mi nasaidia, ao?

Jumatano, 11 Juni
Mungu wangu! Ku repetisyo, mazoezi ya nyimbo, noti ya sol inatoka, kuanzia fa kushuka – hewa tupu. Ezechiel anapuliza mpaka mishipa ya shingo inasimama. Pasta akasema chombo imemukataa, yeye Ezechiel iko na zambi ya kuficha. Afunge kula siku tatu, Jumapili atubu mbele ya kanisa. Saksofoni bameifungia ku ofisi ya pasta. Lucie akanishika mkono mi mkubwa wake: yaya, bwana yangu alifanya nini? Nikamuambia: tuombe. Mi mwoga!

Ijumaa, 13 Juni
Nilienda Lilongwe, Area 36, kutafuta uzi. Nikapita kwa Ndikumana, anatengenezaka byombo bya muziki. Nikamuuliza kama mutu asiyejali. Akacheka sana. Eti ile visi haikazwe, inapimwa! Inafanya bifuniko bibili bifunge pamoja. Ukiikaza sana, kimoja kinatangulia, kingine kinabaki wazi, hewa inakimbia. Uilegeze robo ya mzunguko, mama, imeisha.
Robo tu! Jioni nikafika mpaka ku mlango ya pasta. Sikubisha. Batanitoa mu shorale, bantu bote banaangalia. Kesho nitasema.

Jumamosi, 14 Juni
Sikusema.

Jumapili, 15 Juni
Ezechiel alipiga magoti. Nilikuwa nangoja aseme hana zambi, halafu mi nisimame – naapa, nilikuwa nasimama! Akasema: niko na mwanamuke kule Lumbadzi, tangu mwaka jana.
Lucie hakulia. Akatoka na batoto, akakuja kwangu.
Mashemasi bakarudisha saksofoni, ilale hapa kama kawaida. Lucie alikuwa inje anafua. Nikalegeza visi, robo. Nikashika bifuniko vile Ezechiel anashikaka, nikapuliza. Fa! Nzito, nzima! Majirani bote balikuwa kanisani asubuhi, bakaanza kupiga kelele: haleluya, ametubu, imefunguka!
Lucie akaingia mbio, mikono ingali na sabuni. Anasema: yaya, hata kwako imelia, umesikia? Mungu ameshamusamehe. Kama Yeye amesamehe, mi ni nani? Narudia kwangu.
Sasa anakunja bitenge byake. Anaimba, yee! Nimemuita, nimuambie ya visi: Lucie. Amegeuka, anacheka, mara ya kwanza tangu Jumatano. Anauliza: nini, yaya? Nimemuambia angoje, nimalizie mustari moja ya hii daftari.