Glasi ya Tata Ramazani Hutangulia

Tata,

Viti vitatu vya wazee wenzako bado viko kwetu. Ninaanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya habari za Mama, kabla ya kuuliza kama nimekula. Nimevipangusa na kuvisimamisha ukutani kwenye korido, na kile cha Tata Mutombo, chenye mguu uliofungwa waya, kiko mwisho kama ulivyopenda. Sasa niruhusu nikueleze jinsi vilivyokaribia kuondoka, na jinsi kosa lilivyokuwa langu. Utashangaa kunisikia nikitamka neno "kosa" na neno "langu" katika sentensi moja. Hata mimi bado nashangaa.

Tulimaliza kilio chako siku ya Jumamosi. Jamaa waliotoka Kasai walipanda gari wakarudi, turubai likakunjwa, Mama akavua nguo nyeusi, na ua likabaki na mimi na yeye tu. Aliketi mlangoni akitazama mahali ambapo wazee wenzako hukaa kila Jumapili baada ya misa, akaniuliza: "Bale bazee batakuya yenga hii kisha misa, ao hapana?" Jibu lilinitegemea mimi, na nililijua hilo, ingawa kwa miaka mingi nilijifanya silijui.

Kanuni yenu ni fupi: viti hukaa panapotengenezwa glasi. Mwenyeji wa kwanza, yule fundi wa umeme, alipofariki, wanawe waliwapa wazee bia kwenye chupa wakasema kilevi ni kilevi. Jumapili iliyofuata mlivibeba viti vichwani, watu wazima wanne mkiwa mmevaa suti, mkakatiza mtaa mzima hadi kwetu. Nilikuwa bado mwanafunzi, niliwacheka. Tangu siku hiyo Jumapili za wazee zilikuwa zako, na kila mnywaji alipata glasi moja, moja tu, ya konyaki iliyotikiswa na limau na sukari ya kuunguzwa.

Unakumbuka jinsi nilivyoibishia glasi hiyo. Nilisema ni desturi ya mabwana wa kule klabu ya mgodi, karibu na mashimo ya Mashamba, ambako ulisimama nyuma ya kaunta miaka yote ukiwachanganyia mainjinia ambao hawakuwahi kukuuliza jina lako kamili. Nilisema unaileta nyumbani minyororo yako na kuitilia barafu. Lo, nilikuwa na sentensi nzuri! Nawe, ukikamua limau bila kuniangalia, ulijibu: "Mi nilijifunda kazi yabo, mwana. Sikujifunda kiu yabo. Bale balikunywa mbiombio, barafu inabakia mu glasi. Sisi tunakaa." Nikasema hiyo si hoja. Leo nasema ilikuwa hoja, na kwamba sikuwa nimeijibu.

Basi. Jumapili ya kwanza walikuja.

Nilijiandaa kama anayekwenda kutetea tasnifu. Nilisoma vitabu viwili vya ufundi wa vinywaji, nikapima kwa bomba la maabara: sehemu mbili za konyaki, moja ya limau, chini kidogo ya moja ya sukari. Barafu niliitoa kwenye vile vitrei vya plastiki vya buluu, visivyo na kifuniko, nilivyokununulia Lubumbashi, ambavyo wewe hukuvitumia hata mara moja. Niliona ni ukaidi wako tu. Glasi za Tata Mutombo na Tata Kabeya nilizitengeneza kwanza, kwa bidii yote. Ya Tata Ramazani niliiacha mwisho. Yeye hanywi kilevi, niliwaza. Chai ya rangi, limau, tangawizi na sukari ileile, kuna ufundi gani hapo? Hata hivyo sikusahau heshima: niliitikisia kwenye ile chupa yake ya mdomo mpana ambayo konyaki haijawahi kuigusa.

Tata Mutombo alinywa, akapangusa midomo kwa kiganja. Tata Kabeya alinywa, akaitazama glasi upande huu na upande ule. Tata Ramazani alinywa tone moja, akaiweka glasi chini taratibu kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota, akasema:

"Mwana, hii barafu ililala na makayabu mu frigo."

Tata Kabeya alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Mama, leta bukari tumege! Mboga iko mu glasi!"

Ningeweza kucheka nao. Ungekuwapo ungecheka, na mambo yangeishia hapo. Lakini mwanao alisimama na taulo begani akawatolea wazee watatu mhadhara. Niliwaeleza kwamba maji yanapoganda hujisafisha, kwamba fuwele za barafu husukuma nje kila kisicho maji, kwamba kwa hiyo barafu ndiyo kitu safi kuliko vyote vilivyomo ndani ya glasi, na kwamba harufu ya samaki wa chumvi waliyoisikia ilitoka jikoni, au puani mwao. Ndiyo, Tata. Nilisema puani mwao.

Tata Ramazani alinisukumia glasi yake. "Sawa, enjenia. Kunywa."

Mimi ni mkemia, si enjenia, na nilikuwa nimefungua mdomo kumsahihisha. Nikanywa. Ilikuwa makayabu. Makayabu yenye limau.

Hakuna aliyenicheka tena, na hilo ndilo lililoniuma. Tata Mutombo aliinuka, akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti chake, akasema: "Tutakuya tena yenga moja. Moja tu. Kisha tutaona biti binaenda wapi." Mama alikuwa amesimama nyuma yangu akikusanya glasi. Alizibeba hadi jikoni, akaziosha zote, kisha akasema akiwa amenipa mgongo: "Mi nilizoea kila Jumatatu kufagia chini ya biti byabo. Sasa nitafagia nini?"

Nilitaka kukueleza jinsi sauti yake ilivyokuwa. Siwezi.

Siku ya Jumatatu niliulaumu umeme. Nilimwambia Mama kwamba nyaya kutoka bwawa la Nzilo zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda kwenye migodi, na mtaa unaachiwa mabaki. Kwamba friji ikizimwa na kuwashwa mara tatu kwa siku, barafu huyeyuka, hunywa harufu ya kila kilichomo, kisha huganda upya na harufu hiyo tumboni. Yote hayo ni kweli na bado nayasimamia. Mama alisikiliza hadi mwisho. Akasema: "Umeme ilikuwa inakatika na wakati ya tata yako." Akaingia chumbani, akatoka na kitu mikononi, akakiweka mezani mbele yangu na kwenda zake uani.

Kopo lako la maziwa ya unga, ulilogandishia barafu.

Lile lililochubuka rangi, lenye kifuniko cha kubana na mkanda ulioukata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Mimi ndiye niliyelitupa wiki ya msiba, tulipokuwa tunasafisha nyumba kwa ajili ya wageni. Niliona ni uchafu wa mzee. Mama alikwenda kuliokota kwenye taka, akalificha chini ya kitanda, na ndani yake alikuwa amekunja taulo lako la Jumapili. Lile nililoning'iniza begani nikihutubia, Tata, halikuwa lako hata kidogo. Lilikuwa jipya.

Nilifanya kile ninachokijua. Nilichemsha maji, nikayapoza, nikayagawa mara tatu: mengine kwenye vitrei vya buluu, mengine kwenye kopo jingine lisilo na kifuniko, mengine kwenye kopo lako, nikalifunika na kulikaza kwa mkanda. Nikaviweka vyote karibu na makayabu na kuuacha umeme uje na kuondoka upendavyo. Siku ya Ijumaa, nilipotoka kazini, maabara ya mgodi wa Mutoshi, Mama aliyeyusha kila barafu kwenye kikombe cha peke yake akanipa nionje bila kuniambia kipi ni kipi. Cha kwanza, samaki. Cha pili, samaki. Cha tatu hakikuwa na kitu. Maji tu, baridi, yasiyo na habari yoyote. Nilikirudia mara mbili nisiamini. Kilikuwa cha kopo lako. Maisha yako yote uliyahangaikia maji yasiyo na habari, nami nilidhani unalipenda kopo.

Kisha nikafanya jaribio la pili, na hili ndilo lililonikalisha chini. Nilichukua barafu ile mbovu nikatikisa nayo konyaki. Glasi ilipita! Si nzuri sana, lakini ukiwa na haraka hungegundua. Konyaki ilikuwa imemfunika samaki. Ndipo nikakumbuka kwamba kila Jumapili, kabla ya kugusa chupa yoyote ya konyaki, uliitengeneza kwanza glasi ya Tata Ramazani, ukachota tone kwa kijiko, ukasimama kidogo ukiwa umefumba macho. Niliwahi kukusifu kwa hilo. Nilisema ni adabu kwa mtu wa dini nyingine, na nikatoa hotuba juu ya kuvumiliana. Ukanijibu: "Heshima iko, ndiyo. Lakini ni ile glasi njo inasema kweli. Konyaki inafichaka bitu mingi." Nilichukulia kuwa ni mzaha wa mhudumu wa baa. Sikukuuliza zaidi. Nilikuwa na kitabu mkononi.

Jumapili hii niliamka mapema nikaunguza sukari kabla ya misa, mpaka ikapata rangi ya mto Lualaba wakati wa mvua, nikaizima kwa maji ya moto uso nikiwa nimeugeuza pembeni kama ulivyonionya. Limau sikulikamua hadi wazee walipoketi. Bonge la barafu nililitoa kwenye kopo, nikalifunga ndani ya taulo lako na kulivunja kwa mchi wa kutwangia majani ya sombe: mapande makubwa, yasiyo na haraka ya kuyeyuka. Halafu nikaichukua chupa ya mdomo mpana. Chai ya rangi, limau, tangawizi, sukari, barafu. Nikachota tone kwa kijiko, nikafumba macho.

Hakuna samaki. Limau lilisikika likiwa limau.

Baada ya hapo tu ndipo nilipofungua konyaki. Nilitikisa chombo chako cha bati juu ya bega la kulia, bila kuhesabu, kwa sababu hukuwahi kuhesabu. Ulisema: "Mukono ikikataa, glasi iko tayari." Baridi ya bati ikauma, mkono ukakataa. Nikamimina, nikapitisha ganda la limau kwenye mdomo wa kila glasi, nikazipeleka na kusimama kando. Mama alikuwa mlangoni ameshika ufagio, ingawa hapakuwa na cha kufagia.

Tata Ramazani alinywa, akaizungusha glasi. Akanywa tena. Jua lilikuwa limefika magotini mwake. Akainuka, akashika kiti chake kwa mikono miwili. Akakisogeza hatua mbili kukifuata kivuli, akaketi tena.

"Kabeya," akasema Tata Mutombo, "maneno yako ya ile yenga iliishiaka wapi? Ulikuwa unadanganya batu juu ya lori yako."

Basi wakaanza kubishana juu ya lori. Hakuna aliyenisifu. Walipoondoka, Tata Mutombo alinipa glasi yake tupu, hata barafu hakuibakisha, akasema: "Punguza sukari kidogo." Nilikuwa na hoja tatu za kumjibu. Nilimwambia: "Ndiyo, Tata." Mama alisikia, akaniangalia kama anayemwangalia mgeni.

Sasa nifike mahali nilipokuwa napaogopa tangu mstari wa kwanza. Siku ya sherehe ya lisansi yangu ya chuo kikuu ulivaa shati jeupe, ukapanga glasi, ukaweka taulo begani. Nami nilikuvuta pembeni nikakwambia uache, wenzangu wa chuo wako pale, leo usiwe mhudumu, leo uwe baba. Nilidhani ninakuheshimu. Hapana, sitakudanganya hapa pia: niliona haya. Ulilikunja taulo mara nne, ukaliingiza mfukoni. Ulisema, "Muzuri, mwana. Leo mi natumikiwa." Ukaketi na wageni, soda mkononi, na mfuko wa suruali yako ulikuwa umevimba kwa taulo lile mpaka watu wakatawanyika. Niliuona ule mfuko jioni nzima. Sikuja kukuomba ulitoe.

Mwezi ujao wenzangu wa maabara, wengine kati yao walewale wa siku ile, watakuja kula kwetu. Nimeshaamua. Nitasimama mbele yao na taulo lako begani, nitavunja barafu yako kwa mchi, nitaitengeneza kwanza glasi ya asiyekunywa kilevi na kuionja, kisha zao. Wakiniuliza nilijifunza wapi, sitataja kitabu. Nitasema kwamba baba yangu alikuwa mhudumu wa baa, bora katika mji huu, na nitalitaja jina lako kamili. Anayetaka kubisha, abishe, unanijua.

Na viti, Tata, havitabebwa vichwani wakati wa uhai wangu. Hiyo ni ahadi, na nimeitamka mbele ya Mama.

Pumzika sasa, usiwe na wasiwasi na Jumapili. Maji yamechemka na kupoa. Nimelijaza kopo, nimekaza mkanda.

Mwanao,
mkemia, mhudumu wa wazee watatu