Gonga Mara Mbili, Baba

Theta, Ruiru
Jumapili, 13 Oktoba 1996

Mpendwa Baba,

Leo nimeapa kukueleza kila kitu, hata yale ambayo Mama amesema tusikuambie yasije yakakuzidishia ugonjwa. Wewe mwenyewe husema kwamba fundi akifichwa mahali panapovuja, hata awe hodari vipi, hawezi kutengeneza.

Barua hii utasomewa na Mama, kwa sababu askari wa langoni hapo hospitalini amenirudisha tena. Nilivaa sare ya shule ili aone kwamba mimi ni mtu wa adabu, kumbe sare ndiyo iliyoniponza. "Wanafunzi hawaingii wodi ya wanaume," akasema. "Rudi nyumbani usome, msichana." Nilibaki nje kando ya ua nikitazama madirisha, nikachagua moja nikaamua kwamba ni lako, nikalipungia mkono. Kama halikuwa lako, basi mgonjwa mwingine alisalimiwa.

Mama, hapa nakuomba usiruke neno lolote. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usisingizie miwani.

Habari ya kwanza, Baba, ni kempa ya Bwana Erik, lile gari lake la kulala na kupikia. Bado iko uani, kati ya jiko na migomba, pale pale ulipoiegesha. Lakini haitakaa. Bwana Erik amemaliza kazi yake ya kuchimba visima kule kaskazini na anarudi kwao. Ijumaa dereva atakuja aipeleke Mombasa ikapakiwe melini, na itafika kwao wakati wa baridi kali. Alikuja mwenyewe kutuambia. Alisimama mlangoni ameshika kofia mkononi, akasema kwa Kiswahili chake, "Wambui, huko kwetu maji inakuwa mawe. Kama maji kidogo inabaki ndani ya friji, bomba inapasuka. Hiyo kazi ni Karanja tu anajua." Kisha akakumbuka uko wapi, akaigeuza kofia yake. Nikamwambia, "Nitaifanya mimi." Sijui ni nani aliyenituma kusema hivyo.

Unakumbuka siku uliponionyesha hayo maji yanayokuwa mawe? Matokeo yangu ya darasa la nane yalikuwa yametoka, ukaninunulia soda, tukaiweka kwenye sehemu ya barafu ya ile friji ili ipoe haraka. Furaha ikatusahaulisha. Tulipofungua kesho yake tulikuta chupa imepasuka kutoka shingoni hadi kitakoni, na soda imesimama peke yake bila chupa, kama mtu aliyevuliwa koti. Nilianza kulia. Wewe ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. "Haiya, maitu! Umefika Ulaya bila pasipoti!" Nilitaka kuilamba, ukanizuia kwa sababu ya vigae. Kisha ukaacha kucheka, ukaniambia kwamba maji yakiganda hutanuka, na yakikosa nafasi huvunja chochote kinachoyazuia, hata chuma. Tangu siku ile sijawahi kudharau tone la maji.

Hakuna mtu mwingine anayeniita maitu, mama yangu. Nimepewa jina la mama yako, kwa hivyo kwako mimi ni mtoto na ni mzazi. Nilipokuwa mdogo nililitumia jina hilo vibaya kukataa kuosha vyombo. Sasa ningeosha vyombo vya Theta nzima nilisikie tena mara moja.

Kila mwaka kabla ya mvua ndefu, Bwana Erik alipoiacha kempa kwetu, sisi wawili ndio tuliokausha friji yake. Mimi nilikuwa mtu wa ndani, wewe ulikuwa mtu wa nje. Ndani nilifunga maji ya tangi, nikafungua koki ya sakafuni, nikamwaga maji ya chujio, nikatoa barafu yote kwenye sanduku lake. Barafu ile hukuitupa hata siku moja. Uliwaita watoto wa jirani wakaja na vikombe vyao, kila mmoja akapewa kipande, nawe ukawaambia, "Toeni salamu, friji inakwenda kulala." Nao wakaiambia friji, "Lala salama," hata wale wakubwa waliojidai kuona haya.

Wewe ulikuwa nyuma, umefungua kile kifuniko cha bati, umelala chali na spana. Ukuta wa kempa ni mnene, hatukuweza kusikizana. Ndiyo maana tulikuwa na lugha yetu ya kugonga. Pigo moja lilikuwa na maana ya ngoja. Mapigo mawili, fungua. Nikikosea, uligonga kama ngoma ya arusi, nami nikajua natukanwa kwa upole.

Na mwisho wa kazi ulikuwa ni ile pumzi. Ulipuliza kwa mdomo kutoka nje, ndani ya ule mrija mwembamba unaopeleka maji ya barafu kwenye friji, nami nikaweka kiganja upande wa ndani, pale maji ya barafu yanapotokea. Kwanza yalinirukia matone, kisha hewa baridi, kisha hewa ya vuguvugu. Ile ya vuguvugu ilikuwa wewe. Nikagonga mara mbili kukuambia kwamba umefika.

Sasa nikueleze ya juma hili. Nilifunga gesi na kuutoa mtungi. Nilimwaga tangi, nikafungua koki, nikamwaga chujio. Friji ulikuwa umeiacha ikifanya kazi siku ile ulipoanguka, kwa hivyo barafu ilikuwemo. Watoto walikuja na vikombe vyao. Wakauliza, "Baba Wambui yuko wapi?" Nikasema yuko safarini. Hilo lilikuwa jambo la uongo, lakini sikuweza kuwaambia wakiwa na barafu midomoni.

Kipande kimoja nilikifunga kwa kitambaa, nikampa Mama akuletee. Alipofika Thika kilikuwa kimebaki kitambaa chenye maji tu. Mama anasema alikupangusa nacho usoni, na ulifumba macho ukashusha pumzi. Alitusimulia jioni huku anatabasamu. Baba Mdogo alikuwa amekuja kututazama, akasema, "Mama Wambui, hata mtoto mchanga hufumba macho akipanguswa."

Hili ndilo nililokatazwa kukuambia. Baba Mdogo anasema humo ndani hakuna mtu tena. Anasema kwamba daktari amesema mkono wa kulia haurudi wala maneno hayarudi, na kwamba kukusemesha ni kujiumiza bure. Aliponiona naandika aliniuliza, "Unaandikia nani? Huyo hata jina lake halijui." Nikamwambia, "Naandikia Baba." Akasema, "Aki Wambui, wewe ni msichana wa kidato cha pili, si mtoto." Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu, na chai yake hakuimaliza. Lakini Jumamosi atakuja kulichukua sanduku lako la vifaa ampe fundi mwingine, kwa sababu vifaa vikikaa hushika kutu. Mama hajasema ndiyo, wala hajasema la. Naandika barua hii nikiwa nimekaa juu ya hilo sanduku.

Baada ya kumaliza kazi ya ndani nilijaribu pumzi. Hapo ndipo nilipoona kwamba kazi yetu ni ya watu wawili. Siwezi kupuliza huku na kuweka kiganja kule. Nilifunga mfuko wa nailoni upande mmoja wa mrija, nikaenda upande wa pili nikapuliza mpaka nikaona nyota, nikarudi mbio kutazama. Mfuko ulikuwa umelala vile vile. Nikapuliza tena. Umelala. Nilitandika gazeti chini ya friji, na asubuhi nikalikuta limelowa. Kuna maji yaliyojificha, Baba, na pumzi yangu haifiki yalipo.

Nilifungua kifuniko cha nyuma, nikalala chali kama wewe. Sikuwahi kuwa mtu wa nje. Nimeona nati tatu, moja juu ya nyingine, zote za shaba, zote zinafanana. Najua moja ni ya ile vali ndogo ya umeme inayoruhusu maji ya barafu, na kwamba isipolegezwa hiyo, maji hubaki nyuma yake. Najua pia kwamba moja ni ya gesi, kwa sababu nilipochungulia siku moja ulinivuta mguu ukasema, "Ya gesi hiyo, maitu, hata kwa kidole usiiguse. Ikilegea haikazwi tena na mtu asiyejua." Lakini ulinivuta kwa haraka mno. Sikuona ulikuwa unaonyesha ipi.

Baba Mdogo alileta fundi wa friji kutoka Thika. Ni mtu mzuri, lakini yeye ni wa friji za madukani. Aliangalia, akajikuna, akasema, "Tukate tu hii mirija, tuizibe." Nilisimama mbele ya kile kifuniko nikasema hapana, mirija ya Baba haikatwi. Baba Mdogo akaniambia, "Kumbe unaijua kazi?" Nikasema siijui. Akauliza, "Sasa ni nani anayeijua?" Nikasema, "Yuko Thika, amelala." Fundi akakusanya vifaa vyake.

Kwa hivyo nimefikiri jambo moja, na kama ni la kitoto utanisamehe. Mama anasema mkono wako wa kushoto husogea. Anasema vidole vyako hugonga chuma cha kitanda, na muuguzi akasema ni mishipa tu. Mimi siijui mishipa. Najua kugonga.

Mama, sasa nakusemesha wewe kidogo. Ukimaliza kusoma, usimshike mkono wala usimsaidie. Uache mkono wake wa kushoto juu ya chuma. Mtajie nati moja moja, taratibu, na umngoje. Akigonga mara moja, maana yake ni ngoja. Akigonga mara mbili, hiyo ndiyo ya kufungua, uniletee jibu nyumbani. Ikiwezekana Baba Mdogo awepo, asimame mahali anapoona. Yeye hajui lugha yetu ya kugonga, hakuna aliyemfundisha, wala wewe hukuijua kabla ya kusoma barua hii.

Nitaifungua ile nati utakayoigonga, Baba, hiyo hiyo, hata kama kila mtu atasema ni mishipa. Maji yakitoka nitajua kwamba uko humo ndani, upande wa pili wa ukuta, kama siku zote, ila tu hatusikizani. Nitamwambia Baba Mdogo asilibebe sanduku. Na usipogonga sitakasirika. Nitadhani umelala, nami nitakuandikia tena nikuulize jambo jingine.

Mlango wa friji nimeuacha wazi kidogo kwa kile kijiti chako ulichokichonga, ili friji isishike ukungu. Kijiti kina alama za meno yako, maana ulikuwa ukikishika mdomoni mikono ikiwa na kazi. Sikukiosha.

Migomba yako imezaa. Mwalimu wa fizikia alitufundisha kuhusu kutanuka kwa maji, akauliza nani aweza kutoa mfano, nikamsimulia chupa ya soda. Darasa lilicheka, naye akasema huo ndio mfano bora kuliko ule wa kitabuni. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kusikia, nawe ndiye wa kwanza.

Pumzika, Baba. Uwaache wakupanguse uso, na uji ukiletwa unywe hata kama hauna sukari. Watoto wa jirani wanakutakia usingizi mwema kwa namna ile ile walivyoitakia friji, na friji huamka.

Ni mimi, binti yako na mama yako,
Wambui

Swali nimeliweka chini kabisa ya jina langu, ili Mama akinyamaza liwe ndilo lililobaki masikioni mwako. Mama ataondoka na jibu jioni hii, nami nitamngojea barabarani. Baba, sasa mimi ndiye mtu wa nje na spana iko mkononi: ni nati ipi ya maji, ya juu, ya katikati, au ya chini?