Bureti Ambayo Zulfa Hakuwahi Kuishika

Zulfa, mwanangu wa darasani,

Sijui niipeleke wapi barua hii. Nyumba yenu ya Jangwani ilibomolewa baada ya mafuriko, na jirani aliyebaki ananiambia tu kwamba watu wako walihama, wewe uko Maskati unafanya kazi za ndani. Ndiyo maana nakuandikia hadharani. Labda mtu atakufikishia.

Unakumbuka chumba tulichokiita maabara? Masinki hayana bomba, na kabatini mna bureti moja, ule mrija mrefu wa kioo wa kudondoshea asidi, iliyovunjika ncha. Nilichora vifaa ubaoni, ninyi mkanakili. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisumbua: "Sasa madam, yenyewe tutaiona lini?" Ulitaka kuwa mpima damu hospitalini. Mama yako aliugua mpaka akafa na hakuna aliyewaambia alikuwa anaumwa nini.

Miaka ile soko lilikuwa limefunguliwa kwa bidhaa za nje, na Kariakoo kila kilichochakaa Ulaya kilipata mnunuzi. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka Mchafukoge, akatupa laptopu sita zilizotumika. "Betri zimekufa, Mwalimu," aliniambia, "lakini ukichomeka kwenye umeme zinakwenda." Ndani yao mlikuwa na maabara nzima ya kwenye kioo. Ukibonyeza, tone la asidi linadondoka kwenye chupa. Ukibonyeza tena, jingine. Mlijazana wanane kwenye kioo kimoja, na umeme ukikatika mlikaa hapo hapo mkiusubiri. Hakuna aliyekushinda. Ulidondosha tone kwa tone mpaka njano ikageuka rangi ya chungwa, ukapaza sauti, "Tayari, madam!" Darasa zima likapiga makofi. Nami nilipiga.

Kisha ikaja fomu ya mtihani. Shule zisizo na maabara ziliruhusiwa kufanya maswali ya karatasi badala ya vitendo. Mkuu wetu wa shule hakutaka tuhesabiwe miongoni mwa shule hizo. "Si wamefanya kwenye kompyuta?" alisema. "Hivyo navyo ni vitendo. Saini, Mwalimu." Nilijua si kweli. Nilisaini kwamba mmefanya mazoezi ya vitendo ya kutosha.

Siku ya mtihani vifaa vya kuazima vililetwa asubuhi. Mwalimu wa somo haruhusiwi kuingia, kwa hiyo nilisimama uwanjani, nikakuona kupitia dirishani. Ulikuwa ukiigeuzageuza pipeti, mrija wa kunyonyea na kupimia, kama mtu anayetafuta pa kubonyeza. Ukaivuta kwa mdomo, kwa nguvu mno, magadi yakakujaa kinywani, ukatema sakafuni. Ulipofungua koki ya bureti, asidi ilitiririka yote kwa mkupuo, na ulipojaza tena ikatiririka tena. Ukatazama dirishani. Nikainamisha kichwa.

Matokeo yalipobandikwa, kemia ulikuwa umefeli, na baba yako akasema shule basi.

Nilikuona mara moja tu baada ya hapo, kwenye foleni ya pantoni Magogoni, una furushi la vitenge vya tajiri wako wa Kariakoo kichwani. Ulilitua ili unisalimie.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, Zulfa. Hujambo?"

"Sijambo. Ila nilikuangusha, madam. Ulitufundisha vizuri kabisa, ni mikono yangu tu mizito."

Ulikuwa ukinitazama usoni, unangoja nikujibu. Nikakuambia, "Ndiyo mitihani, mwanangu." Geti likafunguliwa, watu wakakusukuma mbele.

Laptopu zile zilikufa moja baada ya nyingine. Siku hizi tumeletewa mpya, na michoro yake inapendeza kuliko ya wakati wenu. Wageni wakija tunawapiga watoto picha wakiwa mbele ya vioo. Sizichukii, zilikufundisha mengi. Ila maji kwenye masinki bado hayatoki, na mimi darasani sina tena ile sauti uliyokuwa ukiisikia. Mtoto akiuliza swali zuri, huwa nageukia ubao kwanza.

Siombi unisamehe. Nataka ujue tu kwamba hakukuwa na ubaya wowote mikononi mwako. Ulipelekwa kwenye vifaa ambavyo hukuwa umewahi kuvigusa, na aliyekupeleka ni mimi. Maneno haya yalikuwa mdomoni mwangu siku ile kivukoni. Ulikuwa umesimama karibu kiasi cha kukushika bega, na pantoni lilikuwa bado halijatia nanga.

Popote ulipo, uwe mzima.

Mwalimu wako wa kemia