Mbwa Niliowanyamazia

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mwanangu Kidoti,

Hujambo, binti wa kaka yangu? Huko kwenye baridi unaendeleaje, na kile kifua kimepona? Kula vizuri, maana nyie madaktari wa mifugo mnajali tumbo la ng'ombe kuliko lenu. Sisi huku wazima. Magoti yananisumbua kidogo nikikanyaga cherehani, lakini kazi inakwenda, na sare za shule nilizimaliza zote kwa wakati.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu jambo lenyewe ni zito, na kwenye simu najijua, ningechepuka. Nilikudanganya, mwanangu.

Ulipokuja likizo mwaka jana ulikaa kibarazani kwangu ukiwatazama mbwa wa mtaa, kisha ukaniachia karatasi. Ukasema wenzako wako tayari kuja kuwachanja na kuwafunga uzazi bure, majike kwa madume, ila kwanza wanataka saini mia moja za wakazi, na chumba chenye maji na meza. Nikakujibu, "Hilo dogo, niachie mimi."

Nilianza, usidhani sikuanza. Nilikwenda kwa muuza nyama. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Fundi, sisi wenyewe foleni ya hospitali inatutoa jasho, leo mbwa waletewe daktari mlangoni? Au umeamua kuwa Mama Mbwa?" Wateja wakaangua kicheko. Nami nikacheka nao, Kidoti, na hilo ndilo linaloniuma. Nikaikunja karatasi, nikaitia kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo. Ilikuwa na saini tatu, moja yangu.

Ulipouliza kwenye simu nikasema watu wamekataa. Hawakukataa. Sikuwauliza.

Basi yule jike mweusi mwenye weupe ulioshuka mgongoni kama shela, yule tuliyemwita Bibi Harusi, akazaa tena nyuma ya kiwanda. Watoto sita. Binti wa muuza mboga, wa miaka saba, akaenda kumbeba mmoja, na mama yao akamng'ata mkono. Mtoto alidungwa sindano zote, namshukuru Mungu, amepona na anacheza. Lakini mtaa uliwaka moto.

Mkutano ukaitishwa kwenye ukumbi wa shule. Mwenyekiti akasema nyama itatiwa sumu, mambo yaishe. "Kuna mwenye neno?" akauliza. Karatasi yako ilikuwa kwenye mkoba wangu, nilikuwa nimeitoa kwenye droo asubuhi ile nikiwa na nia ya kusema. Muuza nyama alikuwa amekaa mbele yangu. Nikatazama kisogo chake, ulimi ukawa mzito, nikanyamaza. "Basi tumekubaliana," mwenyekiti akasema. Nami nimo katika hao waliokubaliana.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Bibi Harusi kwenye bomba la kiwanda, mdomo ndani ya beseni la maji. Nasikia sumu ile huleta kiu. Watoto wake walikuwa wamemng'ang'ania tumboni, wananyonya bado. Mlinzi wa kiwanda, yule mzee asiye na maneno mengi, alikuwa amechutama akiwabandua mmoja mmoja. Alichelewa, hakupona hata mmoja. Aliinua macho akaniambia, "Mama, si wewe uliyekuwa na ile karatasi?"

Alama ya kidole chake ilikuwa moja ya zile saini tatu.

Haukupita mwezi, wakaja mbwa wengine kutoka ng'ambo ya barabara kuu, kama ulivyonionya kwamba wakiuawa hawa, wengine watajaza nafasi yao. Hao walikuwa wakali, hawajui mtu. Safari hii nilivaa viatu nikapita mlango kwa mlango. Nilianza kwa muuza mboga, nikijua ana haki ya kunifukuza. Akasema, "Mwanangu aliumwa, ni kweli. Lakini kila siku ananiuliza wale watoto wa mbwa wako wapi, na mimi sijui nimwambie nini." Akasaini. Muuza nyama hakucheka. Alisaini ameinamisha kichwa, kisha akanisaidia kubeba meza yake ya bati mpaka karakana ya shule.

Niliwapelekea wenzako karatasi, wakaja, wakafanya kazi siku mbili. Mbwa ishirini na tatu! Niliwafunika kwa mabaki ya vitambaa vya sare, na kila aliyezinduka akitapatapa nilimshika kichwa mpaka akatulia. Nimewashonea wote mikanda myekundu ya shingoni, watu wajue kwamba hawa wamechanjwa. Wanapita hapa mlangoni wamependeza utadhani wanakwenda shule.

Lakini sina raha. Saini mia na arobaini nilizipata kwa siku sita. Siku sita tu, mwanangu, na karatasi nilikaa nayo miezi tisa. Kila asubuhi nikipita kiwandani nampa mlinzi shikamoo yake. Huitikia, maana ni mtu mwenye adabu, kisha hugeuza uso.

Usiniandikie kwamba si kosa langu. Najua moyo wako ulivyo mlaini, lakini safari hii niambie ukweli.

Baba yako anakusalimu, ameanza kuvaa miwani na anakana kwamba anaihitaji. Kaka yako fundi bomba anakusalimu pia, na Bibi Mdogo anauliza utaolewa lini, mimi nimetumwa tu. Nisalimie wote unaoishi nao.

Mungu akupe mikono myepesi kazini, na ulimi usioogopa kama huu wangu ulivyoogopa.

Akupendaye, na aliyekukosea,
Shangazi yako wa cherehani