Kisanduku cha Wanjiru

Ruring'u, Nyeri
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpenzi Mama Wakesho,

Nakusalimu wewe na watoto, na mama yangu hapo jikoni kwake. Goti lake linaendeleaje? Na Wakesho, kile kikohozi kimemwachilia? Mimi mwili ni mzima, ila baridi ya huku imenipasua midomo, na ukungu unakaa hadi saa nne za asubuhi. Sweta uliyonifumia naivaa hata ndani ya nyumba.

Sasa nijibu swali lako kwanza, maana najua utaruka mistari yote kulitafuta. Uliniuliza, "Huyo Wanjiru ni nani, mbona umemtaja mara nne katika barua moja?" Mama Wakesho, tulia. Ni msichana wa kazini, ana miaka ishirini na mbili, na simtaki kwa lolote. Mimi namwonea wivu. Nimeliandika neno lenyewe ulione kwa macho yako. Wivu huo ninao tangu Februari, na wiki hii umenifanyisha jambo la aibu.

Unajua ofisi yetu. Mzee Gakuru anapima mashamba ya watu, na sisi tunachora ramani na kuzichapa. Kwa miaka sita printa imekaa juu ya meza yangu. Mtu akiwa na kitu cha kuchapa, alikuja kwangu na disketi mkononi. Hata mzee mwenyewe alisimama hapo akisema, "Mwakio, nisaidie na hii." Wateja walijua ramani zinatokea kwangu. Wa Mukurweini walikuwa wakiniletea ndizi, wa Mwea mchele, nami nikajiona mtu.

Basi mwezi wa Februari akaja Wanjiru na cheti chake cha kompyuta. Hata kiti hakijapata joto, akamshawishi mzee anunue kisanduku cha chuma, ukubwa wa Biblia ndogo, chenye matundu matano na vitaa vya kijani. Wao wanakiita swichi. Kila kompyuta ina waya yake inayoingia kwenye tundu moja, halafu kompyuta zinapeana kazi zenyewe. Wanjiru anabonyeza akiwa mezani kwake, na printa yangu inaanza kutoa karatasi bila mtu kuniambia hata habari ya asubuhi! Disketi zikabaki kwenye droo. Ndizi nazo zikahamia meza ya Wanjiru. Na kila mgeni akiingia, mzee anamvuta mkono akaone kisanduku. "Huyu msichana ni moto," anasema, "na hii kitu haitaki hata fundi. Unachomeka tu."

Unachomeka tu. Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza.

Alhamisi nilifika wa kwanza kama kawaida. Nikaona chini ya meza waya moja imetoka kwenye kisanduku, na ncha yake ya pili imelala sakafuni. Ilikuwa imewekwa tayari kwa kompyuta mpya ambayo mzee ameagiza, lakini mimi hilo sikulijua. Nani ananiambia kitu siku hizi? Nikasema moyoni, kumbe na yeye huacha kazi nusu! Kisanduku kilikuwa kimebakisha tundu moja wazi. Nikaichomeka ile ncha humo, ikaingia vizuri kabisa. Vitaa vyote vikaanza kuwaka na kuzima mbio mbio, kuliko nilivyowahi kuviona. Mama Wakesho, nilifurahi! Nikajua nimekiongezea nguvu, na saa ya chai nitamweleza mzee kwa sauti, Wanjiru akisikia.

Siku hiyo ndiyo bodi ya ardhi ilikuwa inakaa, nayo hukaa mara moja tu kwa mwezi. Mjane mmoja kutoka Mukurweini, Mama Nyambura, alikuja asubuhi kuchukua ramani ya kugawa shamba la marehemu mumewe, aiwahishe kwenye bodi kabla watoto wa mke mkubwa hawajamsukuma nje. Ramani ilikuwa ndani ya kompyuta ya Wanjiru. Akabonyeza. Printa kimya. Akabonyeza tena.

"Ngai!" akamwita Mungu kwa Kikuyu chao. "Hii kitu imeshikwa na nini?"

Hakuna kompyuta iliyoiona nyingine. Na ramani yenyewe ilikuwa kubwa, haiingii kwenye disketi. Wanjiru akaja mezani kwangu mbio. "Baba Wakesho, tubebe printa tuilete kwangu. Nitaiunganisha huko, ni nusu saa tu."

Nikakataa. Nikamwambia printa haitoki mezani kwangu, ikianguka nani ataulizwa? Mzee akasema, "Mwakio ndiye anaijua hiyo printa. Msikize." Nikwambie ukweli? Nilisikia raha hadi miguuni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari mzee kunisikiliza mimi na kumwacha yeye. Na Mama Nyambura amekaa kwenye benchi, mkoba magotini, anaangalia saa ya ukutani.

Wanjiru akapiga magoti chini ya meza, akawa anafuata waya moja moja kwa mkono. Alizima hiki, akawasha kile, akaanza tena. Ilipofika saa saba na nusu mkono wake ukaishika ile niliyochomeka mimi. Ilitoka kwenye kisanduku, ikazunguka mguu wa meza, ikarudi kwenye kisanduku kile kile. Kumbe kazi zote zilizotumwa asubuhi hiyo zilikuwa zinazunguka humo kama mbwa anayefukuza mkia wake. Akaichomoa. Vitaa vikatulia, na printa ikaanza kuchapa. Alinitazama. Mimi nikatazama kalenda.

"Nani aliweka hiyo?" mzee akauliza.

"Waya zote hapa niliweka mimi," Wanjiru akajibu.

Mzee si mtu wa kelele, lakini siku hiyo alipiga kelele mpaka wa duka la chini wakatoka nje kusikiliza. Bodi ilikuwa imeshainuka. Mama Nyambura akaambiwa arudi mwezi ujao, na huko kwake wale vijana wa mke mkubwa wameshachimba mashimo ya nguzo za ua katikati ya kahawa yake. Aliikunja ramani yake polepole, akatuambia asante, akaondoka. Wanjiru akaambiwa mwezi ukiisha aende zake.

Jioni nilimngoja kwenye ngazi. Nikamwuliza kwa nini hakunitaja.

"Wewe uko na watoto wa shule," akasema. "Mimi nitapata kazi ingine, hata Karatina. Sasa wewe ukitoka hapa utaenda wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa huruma, kisha akaniaga kwa heshima kama siku zote, akashuka.

Tangu hapo chakula hakinipiti. Ningependa kukuambia kwamba ni majuto tu, na majuto yapo, maana yule mama wa benchi simtoi machoni. Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba msichana ana hakika atapata kazi, ana hakika mimi sitapata, na anasema kweli. Hata kwa wema amenishinda! Angekuwa na maringo ningepumua kidogo. Nimemtafutia kosa siku tatu nzima na sijaliona.

Kesho asubuhi nitamwambia mzee. Niliamua hivyo leo kanisani, na tangu nitoke kanisani nimeshapata sababu tatu za kunyamaza, zote nzuri, na moja ni wewe na watoto. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Barua hii naenda kuitia kwenye sanduku la posta sasa hivi, kabla sijapoa. Nikisimama mbele ya mzee kesho, nitajua iko njiani inakuja kwako. Nikishindwa kusema, utakuwa na mume mwongo, na ushahidi utakuwa mkononi mwako, kwa mwandiko wake.

Akinifukuza nitashuka nyumbani Voi na sanduku langu la nguo. Usiniulize kitu mbele ya watoto, tutaongea tukiwa wawili. Asiponifukuza, itabidi nikae meza moja na Wanjiru kila siku, nikimwomba anifundishe. Sijui lipi ni gumu zaidi.

Msalimie mama yangu, umwambie akande goti kwa maji ya chumvi. Msalimie kaka Mwadime anayetukamulia ng'ombe, na mwalimu wa Wakesho. Na mdogo wako Mghoi, kama bado anataka kusomea kompyuta huko Mombasa, mwambie asome kwa bidii. Akija kunionyesha cheti nitampongeza, na mkiniona nimekunja uso, nivumilieni.

Ni mimi mumeo, hadi kesho bado mwenye kazi,
Mwakio